Dar hadi Kigoma ndani ya Glasgow: shajara ya mchango wetu wa majira ya baridi

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Usiku wa leo saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, kama ifanywavyo hapa Uskoti kila vuli. Kuanzia kesho jua la Glasgow litakuwa linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Desemba ikifika litazama saa tisa na dakika arobaini na kitu, wakati ambao kwetu Tanga watoto wanatoka shule kwenda kuogelea. Sisi saa tunazihesabu kwa jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya. Hapa saa mbili asubuhi ni giza, saa kumi na moja jioni ni giza, na katikati yake kuna wingu zito lililolala juu ya mapaa.

Majira ya baridi yaliyopita nilikaa siku kumi na tisa bila kuliona jua. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka kazini giza, nalala, naamka giza. Nguo zikarundikana juu ya kiti, chakula kikawa mkate na chai, simu ya mama naitazama inaita mpaka inanyamaza. Sikuwa na homa wala maumivu, kwa hiyo sikuona la kumwambia daktari. Aliyenitoa ni mama mmoja wa Bukavu anayekaa ghorofa ya chini yangu. Alikuja kuniomba nimsindikize kupeleka mchango wa msiba mtaa wa tatu. Msiba haukataliwi. Nikavaa koti, tukatembea dakika ishirini kwenda na kurudi, tunaongea. Usiku ule nikampigia mama.

Ndiyo maana leo, tulipokaa ukumbini watu kumi na mmoja wa kikundi chetu cha Waswahili wa hapa Glasgow, nilisimama nikapendekeza mchango. Mwaka jana tuliandaa semina ya afya ya akili. Tulipanga viti arobaini, wakaja watu wanne, na wawili kati yao ni sisi waandaaji. Watu wetu ukiwaambia "njooni msaidiwe," kila mmoja atajibu kwamba yeye hana tatizo, labda fulani. Lakini ukitangaza mchango wa harusi, wa ada, wa kusafirisha mwili nyumbani, hata mtu aliyejifungia mwezi mzima atafungua mlango. Mzee wetu wa Kigoma alilisema vizuri: "Mwiteni mtu kama mchangiaji, atakuja. Mkimwita kama mgonjwa, hatakuja."

Tumekubaliana. Novemba wanaume watatangulia na mchango wao. Januari na Februari tutatembea wote, wake kwa waume, tuchangishie SAMH, shirika la afya ya akili la Uskoti lililoanzishwa mwaka 1923. Limewasaidia wawili miongoni mwetu, na mmoja wao leo alilisema mbele ya wote. Hilo tu lilikuwa jambo kubwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Wanaume tisa wamejiandikisha Movember. Mchango huu ulianzia Melbourne, Australia, mwaka 2003: marafiki wawili wakawashawishi wenzao, wakafika thelathini, wafuge masharubu mwezi wa Novemba. Sasa umeenea nchi nyingi, na fedha zake zinakwenda kwenye saratani ya tezi dume, saratani ya korodani, na kuzuia wanaume kujiua. Asiyetaka masharubu anaweza kutembea kilomita 60 kwa mwezi. Sitini ni kwa sababu duniani kote kila saa moja inayopita wanaume wapatao 60 wanajiua.

Nilipoisoma hesabu hiyo kwa sauti ukumbini, palikuwa na ukimya. Kisha kaka mmoja wa Bujumbura akauliza: "Yaani tangu tumekaa hapa?" Tulikuwa tumekaa saa moja na robo.

Hakuna aliyechagua masharubu. Wote tisa wanatembea.

Jumapili, 17 Novemba

Leo wanaume wametembea Pollok, lile shamba kubwa la bustani kusini mwa jiji lenye mto unaoitwa White Cart na ng'ombe wa nyanda za juu, wenye manyoya mekundu yaliyofunika macho na pembe ndefu kama za ng'ombe wa Ankole. Mimi nilikwenda kama mbeba chupa za chai.

Kaka wa Bujumbura alisimama kwenye uzio. Akawaita ng'ombe wale kwa mluzi wa wachungaji wa kwao, mluzi wa kuvuta unaopanda mwishoni. Ng'ombe mmoja akainua kichwa, akaja polepole kwenye tope mpaka uzioni, akasimama anapumua mvuke. Yule kaka akamgusa pembe kwa kiganja. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia habari za ng'ombe wa baba yake, walivyotaifishwa wakati wa vita, na baba mwenyewe alivyokwisha. Namfahamu mwaka wa sita huu. Sikuwahi kumsikia akimtaja baba yake.

Nimeliona hili mara kadhaa sasa. Wanaume wakikaa duara kwenye viti hawaongei. Wakitembea bega kwa bega, kila mtu anatazama mbele, maneno yanatoka. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake machoni.

Jumamosi, 30 Novemba

Saba wamemaliza kilomita 60. Mmoja aliumia goti, mwingine alibadilishiwa zamu. Wamekusanya £612, zote zimekwenda Movember leo hii hii. Stakabadhi iko kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu ameiona. Kwenye michango yetu ya zamani ugomvi haukosekani, na mara nyingi chanzo si wizi bali ni ukimya wa mweka hazina. Safari hii kila pauni inatangazwa siku iliyoingia.

Jumatano, 11 Desemba

Siku ya makaratasi. Nayaandika hapa ili wenzetu wa miji mingine wakitaka kufanya kama sisi wasihangaike.

Kwanza, ndoo. Tulitaka kusimama na ndoo nje ya soko Jumamosi. Haifai. Hapa Uskoti, kuchangisha fedha hadharani barabarani kunahitaji kibali cha halmashauri, na kibali huombwa mapema. Tumeacha ndoo. Tunachangisha kwa ukurasa wa mtandaoni na kwa watu tunaofahamiana.

Pili, Gift Aid. Mtu anayelipa kodi ya mapato Uingereza akitoa pauni moja na kuweka alama kwenye kile kisanduku, shirika hudai senti 25 zaidi kutoka serikalini. Mtoaji haongezi kitu. Lakini asiyelipa kodi asiweke alama, maana akiweka anaweza kudaiwa yeye fedha hizo. Wapo wetu walioweka alama kwa wema tu, wakidhani wanaisaidia SAMH zaidi. Nimekaa nao mmoja mmoja tukarekebisha.

Tatu, fedha za mchango haziguswi kwa kitu kingine. Kuna watu hawana viatu vya kutembelea kwenye barafu. Mtu akapendekeza tuchukue kidogo "humo humo" tununue buti. Hapana. Aliyetoa ametoa kwa ajili ya SAMH. Tumefanya ombi la pembeni: mwenye buti asizozivaa azilete kwangu. Mpaka leo nina jozi kumi na nne chini ya kitanda.

Nne, vitamini D. Ushauri wa serikali kwa kila mtu mzima ni mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mwaka mzima. Mwili hutengeneza vitamini hiyo kwa jua la ngozini, na jua la hapa kuanzia Oktoba hadi mapema Machi ni dogo mno hata likiwaka. Vidonge vyake ni bei nafuu na havihitaji cheti cha daktari. Kutembea hakuchukui nafasi yake. Nililisisitiza hili kwa sababu mtu mmoja ameanza kusema kwamba kwa kuwa anatembea hahitaji tena kidonge.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo ndiyo siku fupi kuliko zote. Jua limechomoza saa tatu kasoro robo asubuhi, limezama saa tisa na dakika arobaini na nne. Saa saba za mchana, basi.

Tulikuwa tumepanga matembezi ya majaribio saa nane. Nikayasogeza hadi saa sita, jua likiwa juu kadiri linavyoweza kuwa, yaani juu kidogo ya ghorofa za mtaa. Nimesoma sana juu ya jambo hili mwaka huu. Daktari aliyelieleza vizuri anaitwa Norman Rosenthal. Ni mtu wa Johannesburg aliyehamia Marekani mwaka 1976, na huko New York akaona nguvu zinamwishia kila baridi ikiingia na kumrudia siku zikirefuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya sonona hii ya majira, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kuipa jina. Limenifariji sana kujua kwamba aliyeliona alikuwa mtoto wa jua la Afrika kama mimi, aliyelipima giza kwa mwili wake kwanza.

Jambo la kushika ni mwanga. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje ni mkubwa mara nyingi kuliko wa sebule yenye taa zote. Macho yetu huzoea haraka, ndiyo maana hatuoni tofauti. Kwa hiyo tumeandika kanuni moja ya mchango wetu wa Januari, na hatutaki ya pili: kilomita inahesabiwa ikiwa imetembewa nje, mchana, na mtu mwingine yuko pembeni.

Peke yako, haihesabiwi. Usiku, haihesabiwi. Mashine ya mazoezi, haihesabiwi.

Jumatano, 1 Januari 2025

Tumeanza, watu ishirini na sita. Mtoto wa darasa la sita ametuchorea Reli ya Kati kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani ukumbini: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Ni takriban kilomita 1,250. Kilomita za wote zinajumlishwa kila jioni na treni ya kadibodi inasogezwa mbele. Lengo ni kufika Kigoma kabla ya Ramadhani, inayotarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi.

Pembeni ya ramani nimebandika ubao wenye majina yote, na mbele ya kila jina kilomita na fedha alizochangisha.

Leo tumepanda Queen's Park hadi kwenye mlingoti wa bendera. Malkia anayetajwa si Victoria, ni Mary wa Uskoti, aliyeshindwa vitani jirani na hapa, Langside, mwaka 1568. Mzee wa Kigoma alipumzika mara tatu njiani. Juu kule jiji lote linaonekana, na nyuma yake vilima. Alikaa kwenye benchi, akavua glavu moja, akaihesabu minara kwa kidole kama anavyohesabu mitumbwi.

Jumapili, 12 Januari

Tumeipita Morogoro, tuko kilomita 268. Fedha zinaingia vizuri. Lakini leo nina la kukiri.

Kijana mmoja wa Kalemie, Kongo, amekosa siku tano. Alikuwa miongoni mwa wanaotembea zaidi. Nilimtafuta kwenye simu, hakupokea. Nikamtuma mama wa Bukavu, ambaye milango yote humfungukia. Akarudi na jibu fupi: "Anaona aibu. Ubao."

Nikaenda kuutazama ubao. Mbele ya jina lake: kilomita 31, £0.

Kijana yule anasubiri uamuzi wa maombi yake ya hifadhi. Haruhusiwi kufanya kazi. Posho yake ni £49.18 kwa wiki, ya chakula, sabuni, nauli, vocha ya simu, kila kitu. Anaowafahamu Glasgow wako hali ile ile. Angemchangisha nani? Na mimi nilimwandikia sifuri ukutani, kwa kalamu nyekundu, mahali ambapo kila aingiaye anaisoma. Nilikuwa nafikiria ubao utatia ari. Michango yetu ya nyumbani husomwa hadharani, fulani kaahidi kiasi gani, na watu hushangilia. Nilisahau kwamba hata nyumbani kuna anayeinama wakati orodha inasomwa.

Ubao nimeuondoa usiku huu huu. Fedha zitatangazwa kwa jumla tu. Kwenye ramani kila mtu ana alama ya rangi yake, na alama hiyo ni ya kilomita. Kesho nitakwenda kwake mwenyewe.

Jumatatu, 13 Januari

Nilikwenda. Nilimwomba radhi. Akasema, "Dada, hakuna shida," kwa namna ya mtu ambaye kwake shida ipo. Nikamwambia Jumatatu ijayo tunapika chai ya watu wengi na sina mpishi. Akauliza ya maziwa au ya rangi. Nikasema ya maziwa. Akauliza sufuria ni ya lita ngapi. Nikajua atakuja.

Jumatatu, 20 Januari

Jumatatu hii ya tatu ya Januari watu wa hapa huiita siku yenye huzuni kuliko zote. Habari yenyewe ilianza mwaka 2005 kwenye tangazo la kampuni ya utalii iliyotaka kuuza safari za jua, haina sayansi ndani yake. Lakini Samaritans, shirika lililoanzishwa London mwaka 1953 la kuwasikiliza watu waliofika mwisho wa nguvu zao, limeigeuza: siku hii kunywa chai na mtu, uzungumze naye, msikilizane. Niliposoma hilo nilicheka kwa furaha. Ni jambo letu kabisa hilo. Mtu akija kwako hujamuuliza shida, umekwisha kumtengea chai.

Kijana wa Kalemie alifika saa nne asubuhi, kabla yetu sote. Alikataa tangawizi ya unga. Akaosha tangawizi mbichi, hakuimenya, akaitwanga kwenye kinu pamoja na iliki na kijiti cha mdalasini mpaka jikoni kote kukanukia. Akaichemsha kwanza na maji peke yake, muda mrefu, mpaka maji yakageuka manjano. Majani baadaye. Maziwa mwisho, akiyamimina kidogo kidogo na kuichota chai kwa upawa na kuirudisha kutoka juu ili isifurike. Lita ishirini. Alikuwa na jasho usoni. Mama wa Bukavu akaleta mandazi, mimi vitumbua, dada wa Mombasa kaimati.

Wamekuja watu sitini na zaidi, na si wetu peke yetu. Bibi mmoja wa Kiskoti anayekaa jirani na ukumbi aliingia kuuliza harufu hii ni ya nini. Mumewe alifariki Oktoba. Alikaa karibu na Mzee wa Kigoma, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, na mpaka tunafunga saa kumi walikuwa wamekaa hapo, anamwonyesha picha za marehemu kwenye simu, Mzee anaitikia "yes, yes" na kumwongezea chai. Kesho bibi huyo atatembea nasi.

Chini ya kila kikombe tuliweka kikaratasi chenye namba mbili: 116 123 ya Samaritans, bure, saa zote, na 111 ya huduma ya afya ya Uskoti, ambako usiku na mchana kuna kitengo cha afya ya akili. Kwa Kiswahili tuliongeza: "Unaweza kuomba mkalimani kwenye 111. Si lazima uwe unataka kufa ndipo upige." Sentensi hiyo ya mwisho tuliibishania wiki nzima. Wengine waliona ni kali. Imebaki. Nilipokusanya vikombe, vikaratasi vingi havikuwepo.

Kikapu cha hiari kilikuwa mlangoni. £187 na senti.

Ijumaa, 24 Januari

Dhoruba inayoitwa Éowyn. Tahadhari nyekundu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, shule zimefungwa, treni hakuna kabisa. Upepo unasukuma dirisha mpaka kioo kinapumua. Pipa la taka limepita barabarani likiwa limesimama, kama mtu anayekwenda kazini.

Jana jioni simu zote zililia king'ora kwa wakati mmoja, onyo la serikali. Mimi nilishtuka tu. Lakini mama wa Bukavu alipanda ngazi mbio bila viatu, mkono mmoja ukishika mjukuu, na mlango wangu nilipoufungua hakuweza kusema. Kwake yeye king'ora kina maana moja. Walilala kwangu. Nimemwandikia mfadhili mmoja wa mradi kwamba safari nyingine taarifa kama hizi zinapotarajiwa tuwaarifu watu wetu mapema, kwa lugha yao, kwamba simu italia na ni upepo tu.

Leo hakuna kilomita. Tumefanya jambo lingine: kila mtu ampigie simu mwenzake mmoja asubuhi na mwingine jioni, simu ya sauti, si ujumbe. Nilianza na kijana wa Kalemie. Akaniambia yeye amekwisha wapigia wanne.

Jumapili, 26 Januari

Miti imeanguka, matembezi ya jana hayakufanyika. Leo tumezunguka mitaa ya karibu tu, mbali na miti. Kilomita 497. Dodoma tumeiacha nyuma.

Jumamosi, 8 Februari

Kilomita 846, Tabora. Mzee wa Kigoma aliomba tusimame Tabora siku moja "kwa heshima," kwa kuwa ndiko alikosoma. Tukasimama. Alisimulia njia ya miembe mpaka kahawa ikapoa.

Watu wa kikundi kingine walituuliza kama tuna ushahidi kwamba mchango huu unasaidia afya. Sina vipimo. Wapo wataalamu wa Uingereza ambao mwaka 2008 walitaja mambo matano yanayosaidia afya ya akili: kuungana na watu, kuushughulisha mwili, kutazama yaliyo karibu nawe, kuendelea kujifunza, na kutoa. Kutoa kumo kwenye orodha. Nimelifikiria sana. Mwaka jana nilipokuwa chini, kila aliyenijia alikuja kunipa: chakula, ushauri, dua. Nashukuru, lakini nilizidi kujiona mzigo. Aliyeniinua ni yule aliyekuja kuniomba kitu.

Hatudai kwamba kutembea kunatibu sonona. Dada mmoja kati yetu alianza dawa mwezi uliopita baada ya kwenda kwa daktari, na aliyemsindikiza ni mtu aliyetembea naye wiki tatu. Hiyo ndiyo kazi ninayoiona mchango unafanya: ukifika wakati wa kwenda kwa daktari, unaye wa kukusindikiza.

Jumamosi, 22 Februari

Tumefika.

Tulipanda Queen's Park hadi mlingotini saa nane mchana, watu thelathini na wanne pamoja na bibi wa Kiskoti na mbwa wake. Jua lilikuwa linazama saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja na nusu! Kulikuwa na mwanga wa kuweza kuziona sura za watu, na nikaona kwamba wengi wao tangu Oktoba nimekuwa nikiwatazama kwenye taa. Kulikuwa na baridi kavu na mbali kaskazini mlima wenye theluji, Ben Lomond.

Mtoto mwenye ramani alikuja nayo imekunjwa. Tukaitandaza kwenye benchi, tukashikilia pembe zake nne kwa buti. Mzee wa Kigoma akapewa heshima ya kuisogeza treni ya kadibodi hadi kituo cha mwisho. Aliisogeza taratibu, akatamka majina ya vituo vidogo ambavyo mtoto hakuvichora.

Kijana wa Kalemie alikuwa amesimama nyuma. Mzee akamwita, akampa kalamu ya bluu. Baada ya Kigoma karatasi ilikuwa nyeupe. Kijana akapiga magoti, akachora ziwa, mawimbi mafupi mafupi, na ng'ambo yake akaweka nukta. Akaandika jina la mji wao. Akauliza kama tunaweza kuvuka. Mtoto akajibu kwamba kwenye maji hatuwezi kutembea, lakini kuna meli.

Jumapili, 2 Machi

Hesabu za mwisho, zimekaguliwa na watu wawili wasio kwenye kamati. Januari na Februari: £1,934. Kati ya hizo £1,120 zina Gift Aid, kwa hiyo SAMH itadai £280 zaidi. Jumla £2,214. Fedha zote ziko kwao tayari. Za Novemba zilikwenda Movember.

Walioanza ishirini na sita, waliomaliza ishirini na wawili. Mmoja amehamia Manchester. Mmoja amejifungua, salama, mtoto wa kike. Wawili waliacha, nimewapigia wote wawili na tutaendelea kuwapigia.

Kwa waliofunga, matembezi ya mwezi huu ni Jumamosi na Jumapili, saa moja kabla ya futari, mwendo wa pole, kutoka ukumbini hadi bustanini na kurudi. Hakuna mchango wala ramani. Jana walikuja kumi na watatu, kati yao wanne wasiofunga, waliosema wamekuja tu.

Futari ya Jumamosi ijayo chai anapika kijana wa Kalemie. Anahitaji tangawizi mbichi kilo moja na mtu wa kubeba sufuria.

Buti zilizobaki ni jozi tatu: saizi 6, 7 na 10. Ziko kwangu.